Sherehe ya Maneno: Jina, Asili na Kazi Inayotungoja Lamu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, mafundi wa vyombo na wa milango, manahodha, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya orodha za istilahi, yaani zile kurasa za mwisho wa kitabu, au wakati mwingine kitabu kizima, ambamo maneno ya fani moja hukusanywa na kila moja likaelezwa. Walioniomba walitaka hasa nieleze jina lake: kazi hii kwa Kiswahili inaitwaje, jina limetoka wapi, na linatuhusu nini sisi tulio hapa Lamu. Nimelipokea swali hilo kwa heshima, kwa kuwa naamini kwamba aliyeelewa vizuri jina la kazi hii ameshaelewa nusu ya namna ya kuifanya, na kwamba orodha nyingi zilizoharibika ziliharibika kwa sababu waliozitunga walidhani kazi yao ni kuorodhesha tu.

Nianze na jina lililo karibu nasi zaidi. Ukifungua diwani nyingi za mashairi zilizochapishwa kwa Kiswahili, mwishoni utakuta sehemu yenye kichwa kimoja: Sherehe. Mwanafunzi wa leo hushangaa, maana kwake sherehe ni arusi na maulidi, ni watu kukusanyika na kufurahi. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, sharh, na shina lake lina maana ya kufungua, kupanua, kukunjua kitu kilichobana. Watoto wa madrasa zetu wote wanaisoma sura ya 94 ya Kurani inayoanza kwa maneno «Alam nashrah laka sadrak», ambamo Mtume anaulizwa: Je, hatukukukunjulia kifua chako? Kitenzi ni hicho hicho. Katika shina moja furaha na ufafanuzi vimekutana: kifua kikikunjuliwa mtu hufurahi, na neno gumu likikunjuliwa msomaji huelewa. Ndiyo maana mimi nalipenda jina hili kuliko mengine yote, na nitalitumia leo bila ya kuomba radhi kwa wale waliozoea majina mapya. Orodha hutaja, lakini sherehe hukunjua, na anayeahidi sherehe hana budi kufungua neno mpaka asiyelijua aone kilichomo.

Tena jambo hili si geni katika mji huu. Darsa zetu zimeendeshwa kwa njia hiyo tangu zamani: shekhe husoma sentensi ya Kiarabu, husimama, akaifafanua kwa Kiswahili, na mwanafunzi mwenye bidii akaandika maana ya neno gumu pembeni mwa ukurasa wake, kwenye hashia. Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate alipoifasiri Hamziya, kasida ya Kiarabu ya kumsifu Mtume, nakala za kazi yake ziliandikwa mstari wa Kiswahili chini ya mstari wa Kiarabu, ili jicho lishuke kutoka neno hadi maana yake pasipo kufunua ukurasa mwingine. Hati za Msikiti wa Riyadha, ambazo zimepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza, ni hati za watu waliosoma na kusomesha kwa utaratibu huo. Na Muhamadi Kijuma, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mwandishi wa khati na mchonga milango, aliwanakilia wageni waliokuja kutafuta tenzi zetu na akawa mwalimu wao wa maneno ya tenzi hizo. Kwa hiyo anayesema kwamba sherehe ya maneno ni desturi iliyoletwa na vitabu vya shule hajatazama vizuri kilichokuwamo makabatini mwetu.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu jina ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa kazi hii lina historia inayofanana na yetu kwa namna ya ajabu. Jina hilo limetoka katika Kilatini glossarium, nacho Kilatini kililichukua kutoka Kigiriki, glossa, ambalo maana yake ya kwanza ni ulimi. Kutoka ulimi likawa lugha, na kutoka lugha likabana zaidi na kuwa neno lisilo la kawaida, neno la lugha ya wengine linalohitaji kuelezwa. Kwa Wagiriki wa zamani, basi, glossa halikuwa jina la ufafanuzi. Lilikuwa jina la neno gumu lenyewe. Baadaye lilihama likaenda kwenye maelezo yaliyoandikwa juu ya neno hilo, hata jina lililokuwa la tatizo likaishia kuwa jina la utatuzi wake.

Mwanafalsafa wao Aristotle alipoeleza maana hiyo alitoa hoja ambayo ningependa kila mwalimu wa Kiswahili aijue. Alisema kwamba neno moja linaweza kuwa la kawaida kwa watu fulani na kuwa glossa kwa wengine, akatoa mfano wa jina la mkuki ambalo kwa watu wa Kupro lilikuwa neno la kila siku, na kwa Waathene lilikuwa neno la kuulizia. Ugumu, kwa hivyo, haumo ndani ya neno; umo katika umbali uliopo baina ya neno na anayelisikia. Hapa kwetu mchele ni mtele, na njia ni ndia, na hakuna mtoto wa Langoni wala wa Mkomani anayehitaji kuambiwa kwamba mato ndiyo yanayoona. Peleka maneno hayo Nakuru au Dodoma, yatahitaji sherehe. Wala hilo si kasoro ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewasikia walimu wakiwaambia watoto wetu kwamba wanazungumza vibaya. Neno linalohitaji kuelezwa kwa mgeni bado ni neno zima kwa mwenyewe.

Wagiriki walikuwa na haja ya sherehe kwa sababu ya Homer, mshairi wao wa kale. Tenzi zake zilisomeshwa kwa kila mtoto, na maneno yake mengi yalikuwa yamekwisha kuachwa katika mazungumzo. Katika mchezo mmoja wa Aristophanes wa mwaka 427 kabla ya Kristo, ambao umetufikia vipande vipande tu, mzee anamtahini mwanawe maneno ya kale ya Homer: hili maana yake nini, na hili? Kijana hajibu. Anageuza swali, anataka ndugu yake aeleze maneno ya kale ya sheria. Katika mistari michache ile zimo aina zote mbili za maneno ambayo sherehe huyashughulikia hadi leo, yaani neno lililozeeka na neno la fani. Na aliyetuhifadhia kipande hicho ni Galen, tabibu wa karne ya 2 ambaye Waarabu walimwita Jalinus, alipokiweka katika dibaji ya orodha yake ya istilahi za tiba zilizotumiwa na Hippocrates. Daktari aliyeishi karne kadhaa baada ya Hippocrates alihitaji kuwaeleza madaktari wenzake maneno ya kazi yao wenyewe! Kabla yake, karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, Philitas wa Kos alikuwa amekusanya maneno adimu ya Homer pamoja na maneno ya lahaja na maneno ya kazi za watu, na mkusanyiko huo ulipata sifa kubwa.

Katika Ulaya ya zama za kati kazi hiyo iliendelea kwa mtindo ambao mwanafunzi wa darsa la Lamu angeutambua mara moja. Mwalimu alieleza, na mwanafunzi akaandika neno dogo juu ya neno gumu, au pembeni. Baadaye mtu aliyachukua maneno hayo ya pembeni kutoka vitabu mbalimbali akayaweka pamoja, kwanza kwa kufuata mpangilio wa kitabu alikoyatoa, na baadaye kwa kufuata herufi. Moja ya orodha za aina hiyo, iliyoandikwa karibu na mwaka 800 na ambayo sasa imo Leiden, Uholanzi, wanazuoni wanaifuatisha hadi kwenye mafunzo ya walimu wawili wa Canterbury, Uingereza, katika karne ya 7: Theodore, aliyetoka Tarso, na Hadrian, aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini. Mwafrika aliwafundisha Waingereza maana za maneno ya vitabu vyao, na wanafunzi wakaandika. Naitaja habari hii kwa sababu vijana wetu wamezoea kudhani kwamba katika mambo ya elimu ya lugha sisi tumekuwa wapokeaji siku zote.

Lakini mifano iliyo bora zaidi kwa kazi tunayotaka kuifanya imo katika elimu ya Kiarabu. Wanalugha wa Basra hawakungoja maneno yawafikie ndani ya vitabu. Al-Asma'i, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, alikusanya maneno kwa kuwasikiliza Mabedui, akatunga vitabu vya fani moja moja: kimoja cha farasi, kimoja cha ngamia, na vingine. Mwenzake Abu Zaid al-Ansari alitunga kitabu cha mvua. Hebu fikirini maana ya kitabu kizima cha maneno ya mvua. Aliyekitunga alitambua kwamba anayejua mvua zaidi ni yule ambaye maisha ya wanyama wake yanaitegemea, na kwamba kwa mtu huyo manyunyu, rasharasha na mvua ya masika ni mambo mbalimbali, kila moja lina jina lake, na jina lina sababu.

Halafu katika karne ya 10 akatokea Muhammad bin Ahmad al-Khwarizmi, ambaye si yule mwanahisabati mwenye jina kama lake, akaandika kitabu alichokiita Funguo za Elimu. Nia yake ilikuwa kueleza istilahi za kila fani ya wakati wake, hata zile za makarani wa hazina na wa idara ya maji. Katika dibaji yake alionyesha ni kwa nini mtu anaweza kuwa bingwa wa lugha na bado asielewe maneno ya wenye kazi. Mfano alioutoa ni neno raj'a, ambalo ni ndugu wa kitenzi chetu kurejea. Kwa mwanalugha ni kurudi mara moja. Kwa wanasheria ni mume kumrejea mke aliyemwacha talaka isiyokatika, maana ambayo hakuna Mswahili aliyeketi mbele ya kadhi asiyeijua. Kwa baadhi ya wanateolojia ni kurudi kwa Imamu aliyeghibu. Kwa makarani ni hesabu ya mishahara, na kwa wanajimu ni sayari inapoonekana kwenda kinyume. Neno ni hilo hilo, na kila baraza lina lake. Hakuna kamusi ya jumla inayoweza kubeba maana hizo zote kwa usawa, na haja ya sherehe za fani inaanzia hapo.

Na sisi tunaye raj'a wetu. Mwulizeni mtu yeyote wa Lamu maana ya demani. Mkulima atakuambia ni majira: ule wakati upepo wa kusi unapopoa, tokea mwishoni mwa Agosti hadi Novemba hivi, bahari inapotulia na wavuvi wakaweza kwenda mbali. Nahodha atakuambia ni kamba: ile iliyofungwa pembe ya chini ya nyuma ya tanga, ambayo baharia huivuta au kuilegeza ili tanga lishike upepo. Na mabaharia wakisema upande wa demani, kinyume cha upande wa joshi, wanakusudia upande wa chombo usioelekea upepo. Maana tatu, na zote ni za bahari hii hii, na zote ziko hai midomoni mwa watu waliomo ukumbini humu. Mtu akituletea daftari lenye neno demani, mbele yake nukta mbili, mbele ya nukta neno moja tu la lugha nyingine, atakuwa amepoteza maana mbili katika tatu, na kijana atakayelisoma daftari hilo miaka hamsini ijayo hatajua kwamba alipotezewa.

Hapa ndipo linapoingia jina la pili, istilahi, ambalo katika kazi hii lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sisi hulitumia kwa maana ya neno la kitaalamu, nasi ni sahihi. Lakini tazameni jamaa zake: suluhu, kusuluhisha, maslahi, islahi. Shina ni lile la kupatana na kutengeneza, na istilahi katika Kiarabu ni jambo ambalo watu wamekubaliana. Neno la kawaida hupata maana yake kwa mazoea ya kila mtu. Istilahi hupata maana yake kwa mapatano ya watu wa kazi moja. Kwa sababu hiyo istilahi haiwezi kutungwa na mtu mmoja chumbani, hata akiwa na shahada ngapi, ikawa istilahi kwa siku hiyo hiyo. Itakuwa pendekezo mpaka wenye kazi waipokee.

Sijaona mfano wa mapatano hayo ulio wazi kuliko miti ya mikoko. Kwa karne nyingi visiwa hivi vimeuza mikoko, ndani ya nchi na hadi Arabuni na Ghuba, na biashara hiyo haikuweza kuendeshwa bila ya majina yaliyo thabiti. Mti mwembamba kabisa ni fito. Ukizidi ni pau, ukizidi ni mazio, halafu boriti, halafu nguzo, na ulio mnene kuliko yote ni banaa. Kila jina ni kipimo cha unene, na miti huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mfanyabiashara aliyeagiza korija za boriti alijua atakachoshushiwa, mkataji alijua atakachokata, na fundi wa nyumba alijua dari yake itabebwa na nini. Hata upana wa vyumba vya nyumba zetu za mawe, ambao kwa kawaida haufiki mita 3, umeamuliwa na urefu wa boriti. Huo ni mfumo kamili wa istilahi, una mipaka baina ya neno na neno, una matumizi, una watu wanaoulinda kwa sababu wakiuvuruga watapata hasara. Wanazuoni wa Ulaya walipoanza kuifanya istilahi kuwa elimu inayojitegemea, baada ya Eugen Wüster wa Austria kuandika juu ya lugha ya uhandisi mwaka 1931, walifundisha kwamba mtu aanze na dhana, aiwekee mipaka yake, ndipo aitafutie jina. Wakataji wa mikoko wa Lamu walikuwa wameshafanya hivyo.

Majina mengine mawili nitayapitia kwa haraka. Kamusi ni neno la bahari: Kiarabu qamus, ambalo asili yake ni Kigiriki okeanos, bahari kuu. Lilipata maana ya kitabu cha maneno kwa sababu al-Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, alikiita kitabu chake kwa jina hilo, na sifa za kitabu zikalimeza neno. Kamusi hutafuta kuizunguka lugha nzima, wala sisi leo hatuombi hilo. Faharasa ni neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu, na liling'ara kwa Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliyekusanya mwaka 987 orodha ya vitabu vilivyoandikwa kwa Kiarabu. Waandishi wetu hulitumia kwa mambo mawili, mara kwa orodha inayoonyesha jambo fulani liko ukurasa gani, mara kwa maelezo ya maneno magumu. Rai yangu ni kwamba tuliachie faharasa kazi ya kuonyesha kurasa, na kazi ya kueleza maana tuirudishie jina la sherehe. Najua kamusi za sasa zinaruhusu yote mawili, lakini fani inayozungumzia usahihi wa majina isianze kwa jina lenye utata.

Mtaniuliza: hayajaandikwa tayari haya? Mengine yameandikwa. Mmisionari Krapf aliandika, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, alitia maneno mengi ya vyombo na ya lahaja, akaonyesha lipi ni la wapi. Lakini mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokwisha kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, maneno ya lahaja nyingine yalikaa nje ya mlango kwa muda mrefu. Baraza la Kiswahili la Tanzania liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu za biolojia, fizikia na kemia na nyingine ya isimu na lugha. Hizo ni kazi za kuheshimiwa sana, nami nimefundisha nazo. Zilikusudiwa darasa, na darasa lilizihitaji. Karakana ya waunda vyombo wa Matondoni haikuwa katika hesabu yake.

Na tazameni kilichokwisha kupotea. Katika utenzi wa Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoyaombolezea majumba ya Pate yaliyohamwa, anazitaja sehemu za nyumba moja moja: nyumba kati, msana, madaka. Aliowaandikia hawakuhitaji sherehe, walikuwa wameketi ndani ya vyumba hivyo. Leo naufundisha utenzi huo kwa watoto wa mji huu huu, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na nalazimika kuwaeleza msana wa tini ni upi na msana wa yuu ni upi, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ziliwekwa kwa ajili gani, na sabule ilikuwa chumba cha nani. Nyumba ziko, na nyingine zimetengenezwa vizuri na kupakwa chokaa, ila maneno yake yamehama. Mtepe umetutoka kabisa, kile chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, chenye tanga la mkeka. Na kwa baadhi ya majina ya sehemu zake sasa inabidi tuwasome wageni. Jahazi bado linaundwa, alhamdulillahi, lakini boti za faiba zinazidi kila mwaka, na kijana anayeendesha boti ya mashine hana haja ya kujua henza, jarari wala foromali. Simlaumu. Neno hufa pale ambapo kazi yake imekoma, na hakuna amri inayoweza kulizuia. Linaloweza kufanywa ni kuliandika vizuri wakati anayelijua yupo.

Kuliandika vizuri ndiko ninakotaka tuelewane. Tukiandika kwamba foromali ni mti wa tanga, hatujaeleza kitu, kwa sababu hata mlingoti mtu anaweza kuuita mti wa tanga. Tuandike kwamba ni mti mrefu uliofungiwa ukingo wa juu wa tanga, unaopandishwa mlingotini kwa henza. Halafu tueleze henza kuwa ni kamba nene inayoubeba mti huo, na jarari kuwa ni kamba inayopita katika abedari, yaani kapi, na kuivuta henza. Hapo msomaji ambaye hajawahi kupanda jahazi ataweza kuchora mwenyewe. Maelezo yawe ya Kiswahili kwanza. Neno la Kiingereza au la Kiarabu likiwapo liwekwe mwishoni kama shahidi, lisikae mahali pa maana, kwa kuwa neno la lugha nyingine huja na mipaka yake na huikata dhana yetu mahali ambapo sisi hatukuikata. Na kila neno liandikwe lilivyosikika, likitajwa ni la Amu, la Siyu au la Kizingitini, bila ya kulisanifisha. Aliyesema «yuu» aandikiwe «yuu».

Nasema haya nikijua pia kwamba maneno mapya yanaingia. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na wana wetu wanaofanya kazi huko wamekutana na kontena, kreni na mambo mengine ambayo babu zao hawakuyataja. Wao nao ni watu wa kazi moja, nao wana haki ya kupatana juu ya istilahi zao. Ningependa waje wakae na manahodha, kwani baadhi ya wanavyovitafutia majina vina majina tayari. Kugesha, kutweka, kushusha, kupakia na kung'oa nanga havikuanza na bandari ya saruji.

Basi pendekezo langu kwa kikao hiki ni kwamba tuanze na mikoko, wala tusianze na jahazi, ingawa najua jahazi ndilo linalopendwa. Sababu ni kwamba majina ya mikoko ni machache, mipaka yake inapimika kwa kamba, na wanaoyajua bado wako wengi kutosha kupatana na kusahihishana. Kila jina lichukuliwe kwa wakataji, kwa wauzaji na kwa mafundi wa nyumba, kila kundi mbali, kisha makundi yote yaketi pamoja na madaftari matatu mezani. Pale watakapohitilafiana juu ya wapi mazio inakwisha na boriti inaanza, hitilafu yenyewe iandikwe na waliosema watajwe ni wa kazi gani na wa mji gani. Walimu wawe makarani tu katika kikao hicho, wasiwe waamuzi. Maneno ya miti yenyewe, ya magome yake na ya namna ya kuikata yatafuata, halafu dari, halafu mlango, yaani mfaa, mwimo na kizingiti, na kutoka hapo tutaingia chomboni tukiwa tumeshajifunza kueleza. Kina mama wenye maneno ya ususi na ya mapishi wasingoje mpaka tumalize; daftari lao linaweza kufunguliwa wiki hii, na mwalimu mwanamke mmoja kati ya tuliopo hapa amekwisha kukubali kulishika.